Mtu wa Kutia Kabari

Tarehe 9 Februari

Binti yangu uliye mbali,

Pokea salamu za baba yako ambaye ni mzima kama chuma cha reli. Na marahaba, kwa ile shikamoo yako ya mwaka mpya. Hapa nyumbani sote hatujambo, na nikisema sote ni mimi na kuku wawili waliobaki. Jirani Redio anakusalimu. Bado habari za mtaa mzima zinapita kwake kabla hazijatokea. Alitaka kuniandikia barua hii, eti ana mwandiko mzuri. Nikamwambia nilisoma miaka mitatu ikanitosha, herufi zote nazijua, kazi iliyobaki ni kuzipanga tu.

Joto la huku halina haya. Unatoka kuoga, hujajifuta umeshalowa tena. Chumvi imekuwa maji kwenye kopo. Kila chenye asili ya chuma kinaota kutu huku unakitazama, isipokuwa mlango wangu wa gereji.

Sasa nije kwenye lenyewe. Jumamosi nimeufanyia kazi mlango. Nimefuta reli zote mbili, nimepaka oili chafu kwenye reli, magurudumu, bawaba na springi, halafu nimeuinua mpaka juu kwa mkono mmoja. Mmoja, mwanangu. Mafundi wa siku hizi wanataka watu wanne na ngazi. Mlango huu niliuchomelea mwenyewe, vipande vinne vya bati nene, mwaka uliozaliwa wewe, na mpaka leo haujanishinda. Mlango wa kunishinda bado haujatengenezwa. Gari lako nimeliwasha, likakohoa kidogo likakubali, nikaliacha lingurume nami nimekaa kiti cha nyuma kama bosi.

Chaki yangu iko palepale upande wa ndani wa mlango. Kila Jumamosi mstari mmoja. Tangu uondoke ni mistari sitini na tano. Mkataba wako unakwisha mwezi wa kumi na moja na nimeshahesabu iliyobaki, si kwamba nina haraka. Nataka tu siku hiyo ufike, ushike kishikio kwa kidole, mlango upande juu wenyewe kama pazia.

Kabari yako ipo kwenye msumari wake. Unaikumbuka, kile kipande cha mti mgumu ulichokuwa unakichomeka kwenye reli, chini ya gurudumu, mimi nikiwa nimeushikilia mlango juu. Hakuna aliyeigusa.

Hilo doa hapo pembeni ni kidole changu. Grisi haitoki.

Ni mimi baba yako, Fundi.


Tarehe 4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua imefika na doa lake. Niliinusa kabla ya kuisoma, wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja wakanicheka mpaka wakachoka.

Mimi sijambo, ila mikono imepasuka kwa baridi. Kazi ni ileile, wazee kumi na wawili kwenye ghorofa yangu, kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha wasioweza. Kuna mmoja alikuwa fundi cherehani, kila ukimuuliza anasema ameshiba. Nakonda mimi kwa kumbembeleza.

Nyumba hii ya wazee ina gereji yenye mlango unaopanda ukibonyeza kitufe. Hautoi sauti hata kidogo. Siupendi. Wako nilikuwa nausikia nikiwa kitandani, unavyokoroma ukipanda na kutua kwa kishindo, halafu mama anasema, "Haya, mwenye nyumba huyo," anaenda kuweka maji jikoni.

Baba, nitakachosema usikasirike. Nimemuuliza anayeutunza mlango huo, maana ametoka nchi ya joto kama yetu. Anasema reli zisipakwe kitu, zifutwe kwa kitambaa kikavu basi. Oili chafu inashika vumbi, vumbi linashika maji, na chini yake kutu inakula taratibu wala huioni. Springi zipakwe mafuta mepesi, kidogo, kila mwezi. Rangi ilipobanduka papigwe msasa, ipakwe siku kavu. Ule mpira wa chini ya mlango ukipasuka ubadilishwe kabla ya mvua. Na waya upitishwe katikati ya kila springi, ili ikikatika isiruke.

Kuna moja halikutoka kwake. Springi haiguswi mpaka mlango uwe juu na kabari iwe ndani, maana mlango ukiwa chini springi zimevutika zote. Hilo ni lako. Ulinifundisha nikiwa na miaka tisa, ukanirudisha nje nirudie kulisema.

Halafu nauliza tu. Gari likikaa hivyo linaharibika. Huoni afadhali apewe mtu alitumie? Nauliza tu, baba.

Mwanao.


Tarehe 6 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, kuku mmoja amekufa, Redio ana mafua lakini sauti haijapungua. Mvua zimeanza, na kati ya mvua na mvua jua linachemsha maji yaliyotuama, mtaa mzima unafuka kama sufuria.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umekosea bahasha. Yaani mimi nifundishwe mlango na mtu wa vitufe. Mimi niliyefunga milango ya nusu ya mji huu, nikaitwa na matajiri nikakataa chai yao. Oili chafu nimeitumia tangu sijaoa. Mwambie asante, na akija huku nitampa kazi ya kushika tochi.

Gari halipewi mtu. Lina mwenyewe, mwenyewe anakuja mwezi wa kumi na moja. Hilo tusilirudie.

Mlango ni mzima. Unajua kipimo changu, unausimamisha usawa wa kiuno unauachia. Ukikaa hapohapo, springi nzima. Wangu unakaa. Tuseme unashuka kidogo, lakini kwa heshima, kama mtu mzima anayeketi. Springi zimechoka kidogo, basi. Mpya mbili ninazo, nitazifunga mwenyewe mvua ikitulia. Redio alisema atakuja kutia kabari. Nikamwambia kabari ina mwenyewe.

Mpira wa chini nimebadilisha. Nilikuwa nimeshapanga kubadilisha.

Baba yako.


Tarehe 28 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Posta zinachelewa, najua. Hapa jua limetoka, wazee tumewatoa bustanini. Fundi cherehani amekula.

Ulifunga zile springi? Nani alitia kabari?

Mwanao.


Tarehe 22 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli nyingi, wewe huwezi kuzijua ukiwa huko. Mimi mzima kabisa. Kalamu hii ni mbaya, inalala upande.

Mvua imekwisha, joto limebaki na unyevu wake. Redio ananiletea uji kila asubuhi, nimemkataza hasikii.

Ile springi ya kulia ilikatika yenyewe. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga chai, nikasikia kishindo tu. Sikuumia, sikuwepo hata karibu. Mlango upo salama. Gari salama. Mistari ya chaki naendelea nayo. Huko mwezi wa kumi na moja kuna baridi? Chukua nguo nyepesi za kushukia, usije ukatuungulia na hayo makoti.

Baba yako.


Tarehe 15 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sina habari za kupamba leo.

Barua yako haina doa. Nimeigeuza nyuma na mbele, nimeipeleka dirishani. Tangu nije huku hakuna barua yako iliyonifikia safi, hata ile ya msiba wa mama ilikuwa na kidole. Na herufi zako zote zimelalia kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Yule fundi cherehani aliandika vile siku alipoanza kutuficha mkono wake.

Sikukuuliza kama umeumia. Mbona umenijibu?

Nakungoja.

Mwanao.


Tarehe 19 Agosti

Binti yangu,

Salamu nyingi. Naona huko wanakufundisha upelelezi. Haya, tazama hapo chini kulia, hilo ni dole gumba langu, zima, na mafuta yake. Na hapo juu lingine, na hapo tena, usije ukasema nimebana. Jumamosi nimefanya kazi kutwa. Mlango unapanda, unashuka, majirani wanakuja kutazama.

Kuhusu mwandiko, watu wazima hubadilisha.

Imebaki miezi mitatu. Shuka la kitanda chako nimelianika jana, likalowa na umande, nimelianika tena leo.

Baba yako, Fundi, mzima.


Tarehe 12 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimehesabu, ni madole sita. Yote yananukia kitunguu.

Grisi yako ni nyeusi, inakaa juu ya karatasi kama muhuri. Haya ni mafuta ya kupikia, yamepita mpaka ng'ambo, nimeweza kuona taa kwa katikati yake. Nilicheka. Kisha nikaenda stoo ya mashuka nikakaa huko mpaka waliponiita.

Sasa nisikilize, nami nina langu. Mwezi wa pili waliniletea mkataba mwingine, wa miaka miwili. Nikasaini. Sikukwambia. Ile ya kutaka gari apewe mtu haikuwa nauliza tu. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia nikwambie, nikakosa. Kila nikishika kalamu nakuona unachora mstari kwa chaki. Nilisema moyoni nitamwambia barua ijayo, barua ijayo, na wewe ukawa unazidi kunitajia mwezi wa kumi na moja.

Sirudi mwezi wa kumi na moja, baba. Nimeshalisema.

Basi na wewe sema lako.

Mwanao.


Tarehe 10 Novemba

Binti yangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi. Niliikasirikia kwanza. Nikaiweka juu ya kabati, nikaishusha. Hii naandika kwa siku nne, mkono wa kushoto unachoka.

Mlango umenishinda.

Nimelianza hilo kwanza ili nisipate nafasi ya kuzunguka. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Nilichora mstari wa sabini na saba nikasema leo nafunga springi mpya. Nikauinua mlango kwa bega, nikanyoosha mkono kuchukua kabari, mlango ukashuka. Nikainua tena, ukashuka. Mara ya tatu nikatukana, nikauacha chini, nikafungua kulabu springi ikiwa imevutika yote. Mimi, niliyekurudisha nje ukarudie. Ilikuwa imeliwa na kutu chini ya oili kama huyo mtu wa vitufe alivyosema. Ikakatika mkononi, ikanipiga bega la kulia, nikakaa chini kama mzigo.

Sasa uone. Mimi ndani, mlango chini, mkono haunyanyuki, na unajua gereji ile haina mlango mwingine. Niliuweka hivyo mwenyewe, wezi wasipate pa kupita. Nilikataa kuita. Nilikaa na gari lako tukitazamana. Mwisho Redio alisikia ukutani ninavyohema, maana yule anasikia hata usichosema, akaleta wapangaji wake wawili na jeki. Wakaupandisha mlango kiasi cha sinia kupita. Nikatoka kwa tumbo, mwanangu. Mlango wangu mwenyewe, nikatoka chini yake kama kenge, mtaa umesimama.

Ukashuka. Tangu siku hiyo haujapanda. Mistari ya chaki ni ileile sabini na saba, iko ndani, siwezi kuifikia. Gari sijaliona. Jioni naweka kiti mbele ya mlango nakaa, nafuta nje nje kwa kitambaa ninapofika. Redio aliniambia niache atafute fundi. Sikutaka fundi. Alitaka akuandikie nikamwambia akithubutu nahama.

Sikukwambia kwa sababu sikutaka urudi kwa ajili ya bega. Nilitaka urudi kwa kuwa mlango unafunguka.

Mkataba ni mkataba. Ulishasaini, umalize, mimi sijawahi kuacha kazi ya mtu nusu. Lakini kama wanatoa hata siku chache, mlango huu unataka watu wawili. Nilikuwa nasema ni wa mtu mmoja. Haukuwa wa mtu mmoja hata siku moja. Wa pili alikuwa mama yako, kisha ukawa wewe.

Baba yako.


Tarehe 2 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimepewa wiki tatu. Nafika tarehe 11 Januari, asubuhi. Usiguse kitu, usiite mtu, usijaribu hata kuonyesha mtu. Azima tu ile jeki.

Nakuja na mafuta mepesi na waya. Kiti kiache hapohapo mbele ya mlango, ongeza kingine.

Mwanao.


Tarehe 9 Februari

Binti yangu,

Marahaba, na pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi na kuku wangu mmoja aliyebaki, ambaye tangu uondoke anaingia chumbani kwako anatafuta. Redio anasema hali yako ya hewa itakuwa theluji. Sijui anaipata wapi.

Bega linapanda mpaka usawa wa sikio. Yale mazoezi ya kutambaza vidole ukutani nafanya, mara tatu kwa siku, Redio anahesabu kwa sauti upande wa pili, hata nikitaka kuiba siwezi.

Mlango unapanda. Reli nafuta kwa kitambaa kikavu, sipaki kitu, nimekubali. Springi nimezipitishia mafuta yako membamba, na kila mwezi nitarudia, nimeona kweli maji yanateleza. Waya upo katikati kama uzi kwenye shanga. Nausimamisha usawa wa kiuno, nauachia, unakaa. Safari hii unakaa kweli. Ukifika juu unatua kwa kishindo kilekile, na juzi Redio alipousikia akapiga kelele toka kwake, "Mwenye nyumba huyo." Nilikaa kwenye gari kidogo.

Nimekuwa nikifikiria ile siku tuliyofunga springi mpya. Wewe ndiye uliyeinua, mimi nikatia kabari. Miaka yote nilidhani kazi kubwa ni ya anayeinua. Ukanitazama, umeubeba ule uzito wote, unangoja tu mimi nichomeke kile kimti, nikachelewa makusudi kidogo. Unisamehe. Nilikuwa nakuangalia.

Mistari nimeanza hesabu mpya, chini ya ile sabini na saba. Mpaka sasa iko miwili. Ya miaka hiyo miwili nafasi itatosha, nimepima.

Sasa hili la mwisho. Juzi nilikwenda kuning'iniza kitambaa, nikaona msumari uko mtupu. Kabari haipo. Nimetafuta chini ya gari, nimetafuta kwenye kuni. Nikamuuliza Redio akacheka akaingia ndani. Kumbe ulitia kwenye sanduku lako, uende nayo huko, nisije nikapata wazimu wa kushika springi peke yangu.

Mimi nachonga kabari kwa dakika tano, hata kwa mkono wa kushoto. Mti ninao, panga ninalo. Sijachonga.

Hilo doa ni la kushoto, ni grisi ya magurudumu, ya kweli. Nusa.

Na ule msumari, kwa unyevu huu ungeshika kutu ukiachwa wazi. Kila Jumamosi nitaupaka tone moja.

Baba yako, Fundi.